Jumapili za Kuomba Moshi

Mdogo wangu Dodo alisahau pampu yake ya kifua juu ya friji, na bila pampu ile hawezi kumaliza siku ya kazi. Basi mimi na Mama tukafunga mlango wa fleti yetu pale Greyville, tukapanda taxi hadi mjini, tukabadilisha, tukaenda Mobeni, ambako Dodo anapanga maboksi katika ghala la vyombo vya plastiki. Mama alikuwa na miezi michache tu Durban. Tulimleta baada ya kumzika Papa kule Lubumbashi, na bado alikuwa ananishika mkono kila tukifika kwenye robot, zile taa za barabarani, hata kama magari yote yamesimama.

Tuliposhuka, upepo ulikuwa unatoka upande wa viwanda. Harufu ile mnaijua ninyi mliokulia kwetu: kama mtu amewasha kiberiti ndani ya chumba kilichofungwa. Inakukamata koo, halafu inakuachia ladha ya sarafu ulimini. Mimi nikaziba pua kwa kitambaa cha kichwa. Mama akasimama palepale barabarani, akavuta hewa kama mtu anayenusa mchuzi wa jirani, na uso wake wote ukafunguka. Tangu afike sikuwa nimeyaona meno yake.

"Huku kazi iko," akasema.

Dodo akatoka getini na kofia yake ya kazi, akavuta pampu mbele yetu, akasubiri kidogo, akavuta tena. "Eish, Yaya, umeniponyesha," akaniambia, maana kwetu dada mkubwa ni yaya, akampiga Mama busu la haraka, akarudi ndani. Njia nzima ya kurudi niliegemeza kichwa kwenye dirisha la taxi. Mama alidhani nimechoka kwa sababu ya wateja wangu wa saluni. Ukweli ni kwamba maneno yake mawili matatu yalikuwa yamenirudisha kambini, nikiwa na meno ya utoto bado, na lile jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Kambi ilikuwa ya wafanyakazi wa kampuni, nyumba za tofali zilizopangwa mistari kama wanafunzi wakati wa kuimba wimbo wa taifa. Ukisimama popote uliona bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba, na kando yake mlima mweusi. Mji wetu hauna mlima mwingine. Umekaa juu ya uwanda mpana, na kuuzunguka kuna msitu wa miti mifupi na vichuguu virefu kupita nyumba. Mlima ule ni mabaki ya mawe yaliyokwisha kutolewa shaba, na Papa, ambaye alikuwa mtu wa tanuri, alikuwa anajivuna nao. "Milima ya bengine Mungu njo aliifanya," alikuwa anasema kwa Kiswahili cha kwetu, ambako "ndio" ni "njo". "Yetu tulifanya siye."

Papa ndiye aliyenifundisha mji wetu, si mwalimu. Aliniambia kwamba kabla ya Wazungu, mafundi wa kale walijenga tanuri kwa udongo wa vichuguu, wakayeyusha mawe ya kijani, wakamimina misalaba ya shaba, na kwa misalaba hiyo watu walioa wake. Kisha Wazungu wakaja, wakaona yale mawe, wakaleta reli kutoka kusini. Babu yake Papa aliletwa kwa treni kutoka mbali sana, akapewa blanketi, namba na nyumba. Mimi kwa akili yangu nilielewa kwamba watu wote wa mjini walitoka katika treni moja, na kwamba kabla ya treni hapakuwa na mtu isipokuwa misalaba imelala chini inangoja kuokotwa. Papa alicheka mpaka akapaliwa na bukari, ugali wetu.

"Kampuni njo baba, kampuni njo mama," wakubwa walikuwa wanasema, nasi watoto tuliamini bila kuuliza, maana tuliona kwa macho. Kampuni ilikupa nyumba. Ilikupa shule, na maziwa shuleni. Ilikupa mposho kila mwezi: unga, maharagwe, mafuta, samaki wakavu. Ukiumwa, daktari wa kampuni alikutibu bure. Na mdogo wangu Dodo alikuwa mgonjwa wake wa kudumu, kwa sababu kampuni ilitibu bure na bomba lilitia ugonjwa bure.

Upande ambao upepo ulipenda kupeleka moshi, miti haikuota. Kulikuwa na uwanja mpana wa udongo mwekundu, mtupu kabisa, na mtu akituma mtoto kule alimwambia apite mbio. Lakini upepo una vichwa vyake. Siku nyingine uligeuka, na hapo kambi nzima ilikuwa na desturi moja. Mwanamke wa kwanza kuona aliinua kichwa na kuita, "Moshi inalala kwetu leo!" Wito ukaruka kutoka uani hadi uani, na kila mama akatoka mbio kuanua nguo, kwa sababu moshi ule ulitoboa nailoni na kuchoma majani ya matembele. Nguo zikiisha kuingia, waliingizwa watoto wa kifua. Ndivyo walivyoitwa, watoto wa kifua, nao walijulikana kwa majina kila mstari. Mama alilowesha vitambaa akaziba kila upenyo wa dirisha, mimi nikampakata Dodo. Mbavu zake zilikuwa zinaingia na kutoka kama mfuko wa kuvukutia moto. Alinitazama wakati wote. Hakulia, maana kulia kunataka pumzi.

Msinionee huruma nikisema hivi, lakini nilimpenda yule mtoto kuliko nilivyowapenda wazazi wangu.

Kando ya kanisa la parokia palikuwa na pango la Bikira Maria lililojengwa kwa mawe meusi ya mlima wetu. Papa alikuwa ameniletea kutoka kazini jiwe moja la kijani, lenye michirizi kama kitunguu kilichokatwa, na ndilo lilikuwa mali yangu pekee duniani. Siku moja baada ya katekisimu nikalibeba, nikaliweka miguuni pa Mama Maria, nikamwambia achukue, ila azime moshi ili Dodo apumue. Sikuomba mambo mengi. Niliona kwamba nimetoa kitu kizuri na bei ni ya haki.

Waswahili husema dua la kuku halimpati mwewe. Mimi nilikuwa kifaranga tu, na mwewe wangu alidondoka. Haikupita muda mrefu, tukaamka asubuhi moja bomba likiwa limesimama tupu. Anga ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Nilitoka nje peku nikamkuta Papa amesimama uani na kikombe cha chai mkononi, anatazama juu, na majirani wote wa mstari wetu wamesimama katika nyua zao wanatazama juu. Mimi peke yangu nilikuwa nacheka. Nilimshika Papa suruali nikamwambia, "Papa, ona, imekwisha!" Akaniwekea mkono kichwani bila kunitazama. Ule mkono ulikuwa mzito.

Siku zile za kwanza nilikuwa na hofu moja tu, kwamba mvua haitanyesha, maana nilidhani mawingu yote yanatoka katika lile bomba. Mvua ilinyesha. Uyoga ukaota msituni, akina mama wakauza uyoga barabarani, na Dodo akaanza kulala usiku kucha. Akaanza kukimbia. Akanenepa mashavu. Nikaenda kumshukuru Bikira Maria, na jiwe langu halikuwapo tena. Leo najua kuna mtoto fulani aliyelichukua. Siku ile nilijua ni nani aliyelichukua.

Kisha mposho haukuja. Mwezi uliofuata haukuja pia. Papa aliendelea kwenda kiwandani kila asubuhi na nguo zake za kazi zimepigwa pasi, anakaa getini na wenzake, anarudi. Maziwa ya shuleni yakakatika, kisha walimu wakapungua. Jirani yetu Mama Odette, mwanamke mcheshi ambaye alikuwa ananiita mkwewe, aliuza kitanda, halafu makochi, halafu milango ya ndani. Tulikuwa tunakula mara moja, jioni, na Mama alikuwa anasema ameshiba kwa kuonja. Siku moja nilimsikia Mama Odette akimwambia Mama pale bombani tunapochota maji: "Balitufunga mudomo, dada. Ile moshi njo ilikuwa chakula yetu."

Nilisimama na ndoo yangu, maji yakafurika yakanilowesha miguu. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Mchuma janga hula na wa kwao, nami nilikuwa nimelichuma kwa ajili ya kambi nzima. Mji mzima ulikuwa na njaa kwa sababu mimi nilitoa jiwe.

Jumapili iliyofuata, katekista wetu akatangaza kwamba kuanzia siku ile, katika maombi ya waamini, parokia itaombea moshi. Hakusema kiwanda wala kazi. Alisema moshi, na watu wote walijua anasema nini. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Akatuambia, "Sala ya parokia ni kama ndoo. Tundu moja tu, maji yote yanamwagika. Kila mtu aitike." Kisha akasoma, "Ee Bwana, urudishe moshi juu ya mji wetu, watoto wapate kula." Kanisa zima likaitika, "Ee Bwana, utusikie." Wanaume waliitika kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kanisani, sauti ya kusukuma behewa.

Dodo alikuwa amekaa magotini pangu. Mgongo wake ulikuwa kifuani kwangu, na nilihisi pumzi yake inaingia na kutoka, laini, haina mluzi. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikachezesha midomo tu ili Mama Odette, aliyekaa mbele yetu na ambaye alikuwa na tabia ya kugeuka, asinione.

Ndivyo ilivyokuwa kila Jumapili. Watu waliomba, mimi nilichezesha midomo, na moshi haukurudi. Nilijua kwa nini haukurudi. Ndoo ilikuwa na tundu, na tundu lilikuwa limevaa gauni la Jumapili na limempakata mdogo wake. Nilikuwa nawatazama wale watu wazima wanavyokazana, mishipa imewatoka shingoni, nikiona wanavyojichosha bure kwa ajili yangu. Nikifika nyumbani nilikula kidogo, nikijiadhibu, na Mama alinisifu kwamba nina moyo wa kumwachia mdogo wangu. Sifa ile ilikuwa inaniuma kuliko njaa.

Mwishowe Papa naye akaacha kwenda getini. Akachukua chepe, nyundo na tochi, akaenda kuchimba na wanaume wengine katika mashimo nje ya mji, mawe ya kijani yaleyale, kwa mikono, bila kofia, bila namba, bila kampuni. Mtu aliyezoea tanuri kubwa kama nyumba akawa anatambaa shimoni kama kamba wa mtoni. Alirudi amejaa vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa anakaa kwanza kando ya kitanda cha Dodo, anasikiliza, halafu ndipo ananawa. Mimi nilidhani anasali.

Shimo likaporomoka wakati wa mvua. Papa alikuwa karibu na mdomo wake, wakamvuta, akaletwa nyumbani juu ya baiskeli na mguu wake umegeuka upande ambao mguu haugeuki. Wawili waliokuwa ndani zaidi hawakutolewa. Mmoja alikuwa mume wa Mama Odette. Nilimwona Mama Odette akitembea uani kwetu akishika kuta, kuta za nyumba yetu, na hakuniita mkwewe siku ile wala baadaye.

Jumapili iliyofuata niliamua. Nililala nimeamua, nikaamka nimeamua, nikavaa gauni. Papa alikuwa nyumbani analia kwa mguu na hapakuwa na daktari wa kumpeleka. Katekista akasoma ombi lake. Nikavuta pumzi ya kuitikia, na Dodo, magotini pangu, akavuta yake wakati uleule, ndefu, mpaka chini, akaitoa polepole, akasinzia. Kanisa likaitika. Mimi sikuitika.

Nimeishi na jambo hilo hadi leo. Najua yote mnayotaka kuniambia. Nimesoma, nimeuliza, nimebishana na wanaume wa kwetu kwenye maduka ya simu mpaka wakaniita mama wa shaba. Najua kwamba mgodi mmoja mkubwa ulibomoka, mashine zilikosa vipuri, bei ilianguka, na wakubwa walikula mpaka mbegu. Hakuna jiwe la mtoto katika hesabu hiyo. Lakini hatia haisomi magazeti. Kila nilipompigia Papa simu kutoka Durban na kusikia mkongojo wake ukigonga sakafu akija kupokea, nilikuwa namtumia kitu kesho yake, hata kama hakuomba.

Na moshi ulirudi. Hilo ndilo chungu. Miaka ikapita, wakaja watu wengine na tanuri jingine, na asubuhi moja bomba likatema. Watu walicheza barabarani, wakapiga masufuria. Papa alisimama mlangoni na mkongojo wake akipiga makofi, na tanuri halina kazi kwa mtu wa mguu mmoja mzima. Hatukupata unga. Tulipata kikohozi tu. Dodo alikuwa kijana wakati ule, anacheza mpira, na kabla ya kipupwe kwisha alikuwa ameanza tena kukaa kitandani ameshika magoti. Hajapona. Nilijiuliza ni nani aliyeomba vizuri hivyo, akaweza kunishinda.

Basi siku ile tuliporudi kutoka Mobeni, Mama alikaa mezani jikoni akaanza kuchambua sombe, yaani kisamvu, aliyonunua kwa Wakongo wenzetu. Alikuwa bado na furaha. Akaniambia Dodo amepata mahali pazuri, mahali panapotoa moshi hapafungi kesho. Nilikuwa nimesimama nimempa mgongo, nawasha jiko, na ndipo nikasema, maana kama ningegeuka nisingeweza.

"Mama, ile wakati ya kuomba moshi kanisani, miye sikukuwa naitika."

Nilisikia majani yakiendelea kukatika kutoka kwenye vijiti vyake.

"Najua," akasema.

Nikageuka. Hakuwa ananitazama.

"Nilikuwa naona mudomo yako. Inacheza tu, sauti hakuna. Nilijua ni juu ya Dodo. Kila Jumapili nilikuwa naona."

"Na haukunipiga?"

"Nikupige juu ya nini?" Akaweka kijiti chini, akachukua kingine, akakishika bila kukichambua. "Miye niliitika."

"Watu wote waliitika, Mama."

"Batu bote hapana mama ya Dodo. Alikuwa palepale, juu ya magoti yako, anapumua muzuri. Nilikuwa namuona. Papa yako alikuwa anakaa pembeni yangu, naye alikuwa ananyamaza, kama weye. Kila Jumapili, mpaka ile shimo ikamuvunja. Niliona nyote wawili munanyamaza, njo nikaitika na nguvu, juu ya siye batatu. Nilikuwa na njaa, mama. Nilikuwa nataka unga."

Nikamwambia ile ilikuwa mambo ya bei na mashine, kwamba Mungu hakuhusika, wala yeye, wala mimi. Nilimwambia yote ambayo hayajawahi kunisaidia.

"Bei haikukuwa kanisani," Mama akasema. "Miye nilikuwa. Nikaita, na ikarudi. Ona kifua ya mutoto."

Akainama juu ya majani, nami nikapiga magoti sakafuni nikamshika miguu, kwa kuwa sikujua pa kumshika pengine. Tulikaa hivyo mpaka maji yakachemka. Kisha akanifuta uso kwa nyuma ya mkono wake, mkono unaonuka sombe mbichi, akasogeza mdomo karibu na sikio langu ingawa nyumbani tulikuwa wawili tu.

"Usimuambie mudogo yako," akasema.